Kilichomkunja Mama

Mwaka 1952 watu wa kwetu Newala hawakuwa na maabara wala darubini. Walikuwa na macho. Homa ngeni ilipoingia vijijini katika uwanda wa juu wa Makonde mwaka huo, ikaendelea hadi mwaka 1953, walimtazama mgonjwa wakaona jambo moja linalomtofautisha na mgonjwa wa homa nyingine: amejikunja. Mtu aliyekwenda shamba asubuhi akiwa mzima alirudi jioni ameinama kama mzee wa miaka tisini, magoti hayanyooki, vidole havifumbi, vifundo vya miguu vimevimba. Wakaiita chikungunya.

Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana jambo hili hunikera. Nimesoma magazeti, na hata vitabu vizito vya utabibu, vikisema kwamba chikungunya ni neno la Kiswahili. Si Kiswahili. Ni Kimakonde. Linatokana na kitenzi kungunyala, yaani kupindika na kujikunja, na ile chi- ya mwanzo ni ndugu wa ki- ya Kiswahili. Chikungunya ni kile kinachomkunja mtu. Lugha yetu haijatoa maneno mengi kwa dunia; nje ya vinyago sijui kama kuna kingine cha Kimakonde kinachotajwa kuanzia India hadi Brazili. Basi hili moja lililokwenda mbali, walau liandikwe kwa baba yake.

Mimi wakati huo nilikuwa na umri wa miaka mitatu, kwa hiyo sikumbuki kitu. Nasimulia niliyosimuliwa. Mama aliugua siku ya tatu baada ya bibi. Alikuwa akienda jikoni kwa kutambaa, na kuni alizisukuma mekoni kwa kiwiko kwa sababu vidole vilikataa kushika. Homa ilimwacha baada ya siku chache, upele nao ukaondoka, lakini viungo vilimsumbua muda mrefu. Hadi anafariki mwaka 2008, kila masika yalipoingia alikuwa akishika magoti yake na kusema, "Kitu kile hakijaniacha." Siwezi kuapa kwamba maumivu ya uzeeni yalikuwa ya ugonjwa ule wa ujanani. Waganga wanasema maumivu ya chikungunya huweza kudumu miezi, na kwa wengine miaka, ila miaka hamsini ni mingi mno. Mama mwenyewe hakuwa na shaka.

Kwa nini ugonjwa huu ulishamiri kwetu? Jibu ni maji. Mtu asiyekijua kiu cha uwanda wa Makonde hawezi kuielewa habari hii. Newala iko juu, ukingoni kabisa. Ukisimama pale Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma na milima ya Msumbiji ng'ambo. Mvua inanyesha, lakini udongo wa kichanga unaimeza papo hapo, wala huoni kijito. Chemchemi ziko chini, kwenye miteremko na mabondeni. Wanawake walitoka kabla jogoo hajawika, wakateremka gengeni, wakapanda tena na mtungi kichwani. Maji yaliyopatikana kwa jasho kama hilo hayamwagwi ovyo. Yalitunzwa ndani ya nyumba, katika mitungi na madebe, siku baada ya siku.

Na kuna mbu mmoja, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeitwa Aedes aegypti, ambaye hataki dimbwi chafu. Anataka maji safi yaliyotulia, karibu na watu. Huuma mchana. Mama zetu walipohifadhi maji walikuwa wakimfugia watoto bila kujua.

Daktari Marion Robinson aliyewatibu wagonjwa wa sehemu hizo aliandika dalili zao kwa makini, na W. H. R. Lumsden, mtaalamu kutoka Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Entebbe, Uganda, akaja kuchunguza ugonjwa ulivyoenea, nyumba kwa nyumba, mtungi kwa mtungi. Makala zao zilitoka mwaka 1955, zikitaja mlipuko wa Jimbo la Kusini la Tanganyika. Mwenzao wa Entebbe, R. W. Ross, alieleza mwaka 1956 jinsi alivyokipata kirusi chenyewe kutoka kwenye damu ya wagonjwa na kutoka kwa mbu, kwa kuwadunga vichanga vya panya wa maabara. Nina sababu zangu za kutoipenda serikali ya kikoloni, iliyomwaga fedha katika karanga za Nachingwea wakati mama zetu wanapanda genge na mitungi. Lakini hawa watatu nawapa haki yao. Waliuliza wenyeji wanauitaje ugonjwa huu, wakaandika walichojibiwa.

Damu ya mgonjwa mmoja wa mwaka 1953 ilikwenda mbali kuliko mtu yeyote wa uwanda ule. Kirusi kilichotokana nayo kilipewa alama ya S27, nacho kikawa mfano ambao virusi vingine vyote vya chikungunya vililinganishwa nao. Mwaka 2002 wataalamu walikisoma chote, herufi kwa herufi; ni karibu herufi 11,800 tu. Mara nyingi nimejiuliza alikuwa nani. Mwanamke aliyetoka kuteka maji? Kijana wa shamba la mihogo? Yeye hakujua kwamba tone lake lingekaa katika majokofu ya Ulaya na Marekani miaka sabini.

Kirusi chenyewe ni cha kale kuliko mlipuko wetu. Unguja ilipatwa mwaka 1823, ikapatwa tena mwaka 1870, na homa ya kuvunja viungo ambayo watu wa pwani waliiita kidingapopo. Daktari James Christie aliyekuwa Unguja wakati wa mlipuko wa pili aliandika habari zake. Wengi huamini kwamba jina dengue lilichimbuka katika neno hilo la Kiswahili. Lakini mwaka 1971 mtaalamu David Carey alizipitia upya kumbukumbu za zamani, akasema kwamba kwa jinsi viungo vinavyotajwa, huenda baadhi ya milipuko hiyo haikuwa dengue hata kidogo, bali ilikuwa chikungunya. Ikiwa alisema kweli, basi jina la Waswahili liliibwa na ugonjwa mwingine, na wenye ugonjwa wakasubiri zaidi ya miaka mia moja hadi Wamakonde walipowapa jina la pili.

Yaliyofuata nayapita haraka. Mwaka 1959 ndugu yake kirusi huyu aliibuka Uganda, akaitwa o'nyong'nyong kwa Kiacholi, akaenea hadi Kenya na Tanganyika. Mwaka 2004 chikungunya ilizuka Lamu wakati wa ukame, watu wakiwa wamejaza maji majumbani, sawasawa na Newala. Uchunguzi wa damu ulionyesha kwamba robo tatu ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Kutoka hapo ikaenda Mombasa, Komoro, Réunion na India, na mwishoni mwa mwaka 2013 ikafika visiwa vya Karibi. Njiani kirusi kilibadili herufi moja tu, kikaweza kubebwa vizuri zaidi na mbu wa aina nyingine.

Sisi nyumbani tuliendelea kuita kila homa malaria. Si kwetu tu. Huko Moshi, katika miaka ya 2007 na 2008, watafiti waliwapima wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Waganga walikuwa wamewaandikia 528 kati yao malaria. Waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14. Na katika wale waliopimwa virusi vya mbu, takribani mmoja kati ya kila kumi na wawili au kumi na watatu alikuwa na chikungunya ambayo hakuna aliyeitaja.

Sasa nije kwa dada yangu, kwa sababu bila yeye nisingeandika ukurasa huu. Alikuwa mkubwa wangu kwa miaka miwili. Mwaka 1998 alianza kutokwa damu wakati si wake. Alipokwenda kutibiwa aliambiwa ni uchafu wa kizazi, akapewa vidonge, akarudi, akapewa vidonge vingine. Ulipita mwaka mzima hivyo. Sikitaji kituo hicho, na sidhani waliomhudumia walikuwa na ubaya. Hawakuwa na chombo cha kuona walichokuwa hawakioni. Mwaka 1999 tulimpeleka Dar es Salaam, Ocean Road. Daraja la Rufiji halikuwapo bado, lilifunguliwa mwaka 2003. Tulilala ndani ya basi upande wa kusini tukisubiri pantoni, yeye akiwa amejikunja kwenye kiti, kichwa mapajani kwangu. Saratani ya shingo ya kizazi ilikuwa imekwisha kusambaa. Tulimzika Newala mwezi wa nane mwaka huo huo.

Aliacha binti wa miaka sita. Kwa desturi yetu Wamakonde, mtoto wa dada ni mtoto wa ukoo wako, kwa hiyo nilimlea. Alisoma, akapenda elimu ya viumbe, na leo anafanya kazi ya maabara. Yeye ndiye aliyenitafutia makala za Robinson na Lumsden, na yeye ndiye aliyeniambia jioni moja, tukiwa barazani, maneno yaliyonikosesha usingizi.

"Mjomba," alisema, "kilichomkunja bibi na kilichomuua mama vina tabia moja."

Nilimwambia aeleze kama anavyomweleza mwalimu mstaafu wa jiografia, kwa kuwa ndivyo nilivyo. Nami naeleza kama nilivyofahamu.

Ndani ya kila seli ya mwili kuna kitabu kikuu cha maagizo, DNA. Kitabu hiki hakitoki katika chumba chake. Kinachotoka ni nakala fupi za karatasi, RNA, zinazopelekwa nje ili kazi ifanyike. Hizi mbili, kitabu na nakala, ndizo asidi za kiini. Lakini karatasi peke yake haifanyi kitu. Kuna protini ambazo kazi yao ni kuzishika asidi hizo: moja hufungua ukurasa, nyingine huufunga, nyingine hunakili, nyingine hukarabati palipochanika, nyingine huhifadhi nakala ghalani. Kirusi ni karatasi tu iliyofungwa ndani ya bahasha. Hakina watumishi wa kutosha. Kikiingia, lazima kiwatwae watumishi wetu, au kiwaue wale watakaokizuia.

Mmoja wa walinzi wa kitabu anaitwa p53. Alitambuliwa mwaka 1979. Hushika DNA penye jeni maalumu, na seli ikiwa imeharibika huiamuru isimame ijirekebishe, au ife. Katika karibu nusu ya saratani zote za binadamu mlinzi huyu amekutwa ana hitilafu. Katika saratani ya shingo ya kizazi mara nyingi hana hitilafu ila hayupo: kirusi cha papiloma hutengeneza protini iitwayo E6, ambayo humkamata p53 na kumpeleka akabomolewe. Jambo hili lilionyeshwa mwaka 1990. Seli hubaki bila wa kuisimamisha. Dada yangu alikuwa na afya, alilima, alizaa, hakuwa na kosa lolote. Ndani yake mlinzi alikuwa anaondolewa kila alipotengenezwa.

Chikungunya nayo? Hapa mpwa wangu alichangamka. Kirusi hiki hakiingizi karatasi yake katika kitabu chetu, wala hakuna anayesema kwamba kinaleta saratani, na hilo naomba lieleweke. Lakini kinapoingia ndani ya seli hutengeneza protini nne za kazi. Ya pili huvuka hadi chumba cha kitabu na kusababisha kuvunjwa kwa mtambo unaonakili jeni zetu, hivi kwamba seli haiwezi hata kupiga mbiu ya hatari. Ya tatu ina mkia mrefu, na mkiani kuna ndoano mbili ndogo. Ndoano hizo humnasa mtumishi wetu mmoja anayeitwa G3BP.

Huyu G3BP hushika RNA. Nilimwelewa nilipomfikiria mtunza ghala wa korosho. Msimu ukiwa shwari, nakala zinaingia na kutoka. Kukitokea hatari, iwe joto, njaa au uvamizi, G3BP huzikusanya nakala nyingi, huzifunga pamoja katika vifundo, na kazi husimama mpaka hali itulie. Wataalamu walipoona mwaka 2012 kwamba chikungunya humnasa, walifikiri kama ambavyo wewe na mimi tungefikiri: mwizi amemfunga kamba mtunza ghala ili asifunge milango. Miaka michache baadaye, mwaka 2015 na 2016, walifanya jaribio la kinyume. Walitengeneza seli zisizo na G3BP kabisa. Kama alikuwa mlinzi tu, kirusi kingestawi. Hakikustawi, katika seli hizo kilishindwa kuzaliana. Kumbe mwizi hakumfunga kamba tu, alimwajiri. Bila mtunza ghala wetu karatasi ya kirusi haiwezi hata kuanza kunakiliwa.

"Na kwenye saratani?" nilimuuliza.

Alinijibu kwamba G3BP huyo huyo amekutwa kwa wingi uliopita kiasi katika uvimbe wa aina kadhaa, ukiwamo wa titi na wa tumbo. Seli ya saratani huishi maisha ya shida: hewa haitoshi, chakula hakitoshi, na inapigwa kwa dawa. Vifundo vya mtunza ghala huisaidia kujificha mpaka kipigo kipite. Ndiyo maana watu wanaotafuta njia ya kumfungua G3BP kutoka kwenye ndoano ya chikungunya, na watu wanaotafuta njia ya kuidhoofisha saratani, leo hii wanajikuta wanasoma kurasa zile zile.

Nilikaa kimya. Si kwamba nilifarijika. Ila kwa miaka mingi nilikuwa nimeyaweka matukio haya mawili katika vyumba viwili vya moyo, kilichomkunja mama huku, kilichomkunja dada kule, na sasa mtoto wa mmoja na mjukuu wa mwingine alikuwa ameuondoa ukuta kwa maneno machache.

Afrika Mashariki imetoa mengi kwa elimu hii. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Kampala, aliandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya za watoto. Vipande vya uvimbe huo vilipelekwa London, na mwaka 1964 kikatangazwa kutoka humo kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Baadaye, mwaka 1982, ikajulikana kwamba katika uvimbe huo jeni iitwayo MYC imehamishwa mahali pake. Nayo MYC ni protini inayoshika DNA na kuihimiza seli iongezeke. Kutoka kwa watoto wa Uganda, kutoka kwa mgonjwa wa Newala, damu na nyama zilitoka, zikarudi maarifa. Zilizochelewa kurudi ni dawa. Chanjo ya kwanza ya chikungunya iliidhinishwa Marekani mwaka 2023, hasa kwa ajili ya wasafiri, na mwaka 2025 leseni yake ikasimamishwa huko huko kwa sababu ya madhara. Chanjo ya papiloma, hiyo ilifika. Tangu Aprili 2018 inatolewa kwa wasichana nchini kote, na mjukuu wangu alichomwa akiwa shuleni hapa hapa Newala. Alirudi nyumbani analalamika bega linauma. Mama yake mdogo, huyu mpwa wangu, alimkumbatia muda mrefu mpaka mtoto akashangaa.

Mtungi wa mama bado ninao. Uko kona ya ukumbi, na unafanya kazi, kwa sababu bomba langu lina siku zake. Mpwa wangu akija likizo, kabla hata hajavua viatu, huufunua na kuumulika kwa tochi. Mara ya mwisho alipofika niliapa kwamba nimeusafisha juzi tu. Aliinama, akatazama, akaniita. Chini kabisa, karibu na ukuta wa udongo, viluwiluwi vinne au vitano vilikuwa vinajikunja na kujikunjua.

"Unaviona, mjomba?"

Niliviona. Tuliubeba wawili, mimi upande mmoja na yeye upande wa pili, tukaumwaga kwenye mihogo.